Vita vya Herufi Ndogo ya Mpishi

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, na wewe pia uliyeegemea mlango ukijifanya unapita tu. Zimeni redio, mpeni mtoto kitu cha kutafuna, kisha tegeni masikio, maana leo hazisimuliwi habari za majemadari waliovuka mito na majeshi yao, wala za wafalme waliogawana nchi kama mkate wa moto. Hao wamekwisha kuandikwa, na vitabu vyao vinaliwa na mchwa makabatini. Leo inasimuliwa habari nzito kuliko hizo: habari ya asubuhi moja ambapo mwanamke mmoja, chaki mfukoni na kandambili miguuni, alizikabili herufi kubwa za Kiingereza zilizokuwa zimeuteka ukuta wa chekechea, na zikaanguka zote, na hakufa mtu, ingawa Dereva alitangaza kwamba yeye amekufa.

Ewe ulimi usio na mfupa, simama wima japo kwa saa moja. Usitie chumvi isipokuwa pale chakula kitakapokosa ladha.

Shujaa wetu aliitwa Mama Pacha, kwa kuwa alijifungua wawili kwa mpigo, na tangu siku hiyo hakuna kilichomtisha chini ya jua. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwenye diploma, mwenye sauti iliyoweza kukalisha darasa zima na jirani wawili wa ukuta wa pili. Aliolewa na kitinda mimba wa nyumba ile. Mumewe alikuwa safarini kikazi wakati wa vita hivi, akaikosa historia, na alipoelezwa kwa simu alimshukuru Mungu.

Chekechea yenyewe ilikuwa nyumba ya familia. Sebule iligawanywa kwa mbao ikawa madarasa, stoo ikawa ofisi, banda la gari likawa jiko. Mwanzilishi alikuwa Bibi, mamamkwe wa Mama Pacha, mwalimu mstaafu, mwanamke mfupi aliyewahi kumwadhibu diwani kwa kuongea bila kunyoosha mkono. Mkurugenzi alikuwa mwanawe wa kwanza, mwenye shada la funguo kumi kwa milango minne. Palikuwa na Dereva, bwana wa honi, ambaye basi lake lilitangulia kusikika kabla ya kuonekana. Na nyuma kabisa, katika moshi na mvuke, alitawala Mpishi, bintiye Bibi wa pekee, wifi yake Mama Pacha.

Asili ya vita ilikuwa heshima, kama ilivyo asili ya vita vingi na viatu vyote vinavyobana.

Sheria ya Kiingereza katika jambo hili ni fupi wala haina siri. Jina la pekee, la mtu fulani au mji fulani, la siku au la mwezi, hupewa herufi kubwa popote lisimamapo. Neno la kawaida, litajalo kazi au chombo au mnyama, huanza kwa herufi ndogo, hata mnyama mwenyewe akiwa tembo. Na nyumba nzima ile iliijua sheria. Mama Pacha aliifundisha kila wiki. Mkurugenzi aliifundisha alipokuwa kijana mwembamba. Bibi aliiandika ubaoni kabla hao wawili hawajazaliwa. Kwa hiyo asije mtu akasema walikosa elimu. Walichokosa ni mtu wa kushuka kwanza.

Ilianza hivi. Chekechea ilipokuwa chumba kimoja, watoto walimwita Bibi "Grandmother", ndilo jina walilomjua nalo, na yeye akabandika mlangoni karatasi isemayo "Grandmother is inside", kwamba Bibi yumo ndani, kwa G kubwa iliyosimama kama mlingoti. Hapo alikuwa na haki yake yote: jina ni jina. Lakini mwanawe alipofanywa mkurugenzi aliitazama ile G, akaona mama yake amesimama wima ukutani na yeye amechuchumaa pembeni. Akajipa D. Mama Pacha alipoolewa alizawadiwa T kubwa ya mwalimu pamoja na seti ya vikombe, naye akainyamazia, maana mkwe mpya hasahihishi Kiingereza cha mamamkwe wiki ya kwanza, na wiki ya kwanza ikipita ndiyo imepita. Dereva alikwenda kinyume cha adabu: aliegesha basi katikati ya lango, akazima injini, akasema hatoki mpaka apate D kama ya Mkurugenzi. Akapata.

Baada ya watu, ugonjwa ukaingia kwenye vitu. Basi likapanda. Lango likapanda. Ikafika siku mlangoni mwa choo pakabandikwa tangazo kwamba "There is no Water in the Toilet", na maji yakawa na herufi kubwa kwa sababu ni adimu, na choo nacho kwa sababu Mkurugenzi alisimamia mwenyewe ujenzi wake. Kila kilichoheshimiwa kilinyanyuka. Mtu angesimama langoni akausoma ukuta ule, angedhani ni mkutano wa marais.

Mmoja tu alibaki chini. Mpishi.

Miaka mingi nyuma alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyokwisha kwa kelele, amebeba masufuria yake makubwa ya mama lishe, na alipoulizwa langoni alisema, kwa macho makavu ya mtu aliyelia njiani: "Msinihangaikie. Nimekuja kwa muda tu." Bibi akalichukua neno hilo kama lilivyo. Walipokuja kuandika bango la langoni akatamka hukumu: wa muda haandikwi kwa herufi kubwa. Muda ule ukaota mizizi, ukazaa matawi. Mpishi akalisha kila tumbo la nyumba ile, la Dereva mara mbili, na ukutani akaendelea kusomeka "Grandmother, Director, Teacher, Driver and cook Welcome all Children", yaani wakubwa wote hao, na mpishi, wanawakaribisha watoto. Hata karibu ilikuwa na herufi kubwa. Hata watoto. Yeye hapana.

Basi mzazi mmoja asiye na kazi alilipiga picha lile bango, akalitupa kwenye kundi la wazazi la simu, na kuandika chini yake: "Hapa ndipo watoto wetu wanapojifunza Kiingereza, jamani." Kicheko kilichofuata kilizima simu za watu kwa kuisha chaji. Mzazi mwingine akahamisha mtoto. Mkurugenzi akaitisha kikao katika stoo, akamwita fundi wa mabango, na akamkabidhi Mama Pacha jukumu zito.

"Shemeji, wewe ndiye mwenye diploma," alisema. "Lisahihishe bango. Liwe Kiingereza safi kabisa. Ila usimshushe mtu."

"Shemeji, hapo umeniambia nioshe sahani bila kuilowesha."

"Ndiyo maana nimekupa wewe."

Na juma lilelile, wenye hosteli ya wanafunzi wa uuguzi walimtaka Mpishi akawapikie. Mpishi hakupandisha sauti. Alifuta mikono kwenye aproni, akamwambia Mama Pacha: "Wifi, mimi sidai herufi. Mtu mzima hadai herufi. Nangoja nione mtaniandikaje. Likitoka kama zamani, nimeelewa, naondoka."

Oneni sasa mtego uliotegwa. Mama Pacha akimpandisha mpishi, bango linazidi kuharibika na wazazi wanazidi kucheka. Akiwashusha wote, nyumba inashika moto. Na asipofanya lolote, wifi yake anaondoka. Wifi aliyekaa naye usiku na mchana pacha walipokuwa wachanga, akamshikia huyu amnyonyeshe yule. Mwingine angeugua ghafla. Mama Pacha alifunga kilemba.

Asubuhi ya siku yenyewe, akiwa darasani, alisikia mambo mawili kwa pamoja: ngazi ya fundi ikiegemezwa ukutani, na pikapu ya hosteli ikiunguruma nyuma karibu na jiko. Akawapa watoto kazi ya kuchora miduara, kazi isiyo na mwisho, akamwachia msaidizi wake darasa, akatoka kama mshale.

Pigano la kwanza lilikuwa stoo. Mkurugenzi aliketi nyuma ya meza, katikati ya magunia ya mchele na boksi za chaki.

"Shemeji!" alinguruma Mama Pacha, na vumbi likashuka kutoka kwenye rafu. "Fundi yuko ukutani na anaandika mambo yaleyale ya kale. Nani kamtuma?"

"Mimi," alisema Mkurugenzi. "Hukuniletea maneno mapya."

"Nilikuletea mara mbili, ukasema D yako imekaa vibaya. Sikia. Ewe mwana wa kwanza wa nyumba hii, mwenye funguo, uliyenisimamia siku ya posa yangu ukatetemeka kuliko bwana harusi! Leo nakuomba jambo moja. Shuka. Mimi nitatangulia. T yangu na ifutwe mbele ya macho yako, sitapepesa."

"T ni rahisi kufutwa," alisema Mkurugenzi. "Imesimama kwa mguu mmoja."

"Mkurugenzi ni jina la kazi. Ni neno la kawaida kama kijiko."

"Naijua sheria!" Mkurugenzi alisimama, na funguo zikalia kama njuga. "Unanifundisha mimi? Mimi niliwafundisha watu sheria hiyo ambao leo ni mahakimu! Lakini sheria ya Kiingereza haikai meza moja na mama yangu. Sheria ya Kiingereza haitaulizwa kwa nini imemshusha mzazi. Nitaulizwa mimi. Nikishuka mimi, lazima na yeye ashuke, na mtu wa kumwambia ashuke hajazaliwa."

"Na dada yako?"

Hapo Mkurugenzi aliketi. Alichukua chaki kwenye boksi, akaivunja vipande viwili, akavirudisha.

"Dada atakuwa sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Hosteli wana jiko la gesi la kisasa."

"Shemeji, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekusimamisha kwenye kona."

Akamwacha hapo, majeruhi lakini hajasalimu amri, akaliendea basi. Dereva alikuwa juu ya kiti chake cha enzi, anapiga mswaki, mlango wazi.

"Dereva, kaka yangu, nakuja kwa amani."

"Watu wa amani hawafungi kilemba hivyo, Mwalimu."

"Naiomba D yako."

Dereva alitema povu dirishani kwa utulivu. "D yangu? Unishushe D yangu? Afadhali unishushe kwenye basi. Mwalimu, mimi sina cheti ukutani. Sina nyota begani. Mke wangu akipita pale langoni na wakwe zake, wakwe zangu, wakwe zetu, anawaonyesha kidole: oneni mume wangu, yuko sawasawa na Mkurugenzi. Ukiichukua ile D, usiku wa leo nalala wapi?"

"Kwenye basi. Si umesema hutaki kushuka?"

"Umeniua," alisema Dereva, akajilaza kwenye usukani, na honi ikalia kwa uchungu mtaa mzima. "Mwandikeni kubwa na huyo Mpishi, yaishe! Mimi sina neno naye. Chakula chake ndicho kinachoendesha gari hili."

"Basi ukamwambie hivyo. Anapakia."

Dereva aliinua kichwa. "Anapakia nini?"

"Masufuria."

Na Dereva, ambaye hakuwahi kuondoka kwenye usukani ila kwa chakula au mazishi, alishuka bila viatu, mswaki ungali mdomoni.

Walimkuta Mpishi nyuma ya jiko anaongoza upakiaji. Kijana wa pikapu alikuwa amekumbatia sufuria moja kama mtu anayecheza dansi na mama mzito.

"Hilo lisilale kwa ubavu," Mpishi aliamuru. "Litakunja masikio. Na mfuniko wake huu, usichanganye na ule."

"Wifi," alisema Mama Pacha.

"Wifi yangu. Nimewaachia viazi vimemenywa, viko kwenye maji. Chumvi iko kopo la kijani, msichanganye na sukari kama siku ile."

"Fundi hajafika hata kwenye jina lako."

"Nimekwisha kwenda kuchungulia. G kubwa, D kubwa. T kubwa, hongera. Najua kitakachofuata." Alicheka kidogo, akafunga kamba kwa fundo la wachukuzi. "Usinionee huruma. Mimi nilisema kwa muda. Kosa ni langu. Mtu akisema amekuja kwa muda, wenyeji hungoja aondoke. Nimewachelewesha tu."

Mama Pacha, ambaye alikuwa na jibu kwa kila kitu, safari hii alijibu kwa miguu. Iligeuka yenyewe, ikamchukua mpaka mlango ambao majemadari wote wa nyumba ile waliupita kwa kunyata: mlango wa Bibi.

Bibi aliketi dirishani anashonea vifungo kwenye sare za watoto, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimesikia honi, nimesikia kelele stoo. Umekuja kunishusha?"

"Nimekuja kukushusha, Mama."

Mbingu zilingoja. Bibi aliuma uzi, akaukata.

"G yangu ni halali," alisema. "Watoto huniita hivyo. Ni jina."

"Kwenye karatasi ya mlangoni ni jina, Mama, na pale atakayeigusa atapambana na mimi. Langoni umepangwa foleni na wenye kazi zao, na kwenye foleni ile wewe ni bibi kama bibi wengine. Lakini sikuijia G. Nimekuja kwa sababu wifi anapakia masufuria."

Sindano ilisimama. "Anakwenda wapi?"

"Kupikia hosteli. Anaona kwamba mmemwandika kama mgeni miaka yote hii, kwa hiyo ni mgeni."

"Mgeni?" Bibi alivua miwani. "Mgeni wa nani? Yule nimemzaa siku mbili mchana na usiku, mkunga akaomba likizo!"

"Mbona basi ni yeye tu aliyeko chini?"

Bibi alitazama nje. Aliposema tena, haikuwa sauti ya ubaoni.

"Alisema amekuja kwa muda. Mimi nikashukuru. Nikasema, kumbe ndoa haijafa, imelala tu. Sasa nikimwandika kwa herufi kubwa langoni, kila mpita njia atasoma kwamba binti wa Bibi amerudi moja kwa moja, amepewa na cheo. Mumewe naye atasoma. Atasema, ahaa, ameshajipanga huko kwao, sina haja ya kumfuata. Kwa hiyo nikamwacha mdogo. Nilikuwa namwachia mlango wazi, mwanangu. Herufi ndogo ni kama mtu aliyeketi kwenye ukingo wa kiti. Akiitwa, anaondoka upesi."

"Mama," alisema Mama Pacha, "yule bwana ameshaoa."

"Ameoa nani?"

"Mwanamke mwingine. Zamani. Dereva alimwona anafunga kitanda cha mtoto juu ya teksi."

"Na binti yangu anajua?"

"Alikuwa wa kwanza kujua. Ile siku maharage yaliungua ukasema jiko ni bovu. Jiko lilikuwa zima."

Bibi aliiweka sare kando, kifungo kimoja mkononi.

"Mbona hamkuniambia?"

"Kila jioni ulikuwa unamwombea arudi kwa mumewe, Mama. Kwa sauti. Na majina kamili. Nani angeyakatiza maombi?"

"Mngekohoa," alisema Bibi. Kisha akasimama. "Nipe viatu."

Enyi wasikilizaji, wapo waliosimulia jinsi mashujaa wa kale walivyovaa deraya na kushika ngao. Hao hawakumwona Bibi akivaa viatu vya kufundishia, vyeusi, vya kamba, ambavyo havikuwa vimegusa ardhi tangu siku alipostaafu. Mama Pacha alipiga magoti akamfunga kamba za kushoto na za kulia. Bibi akarudisha miwani, akachukua fimbo yake, si kwa kutembelea bali kwa kuonyeshea, na wote wawili wakapita ukumbini, na kutoka madarasani watoto, waliochoshwa na miduara, wakapiga kelele za shangwe bila kujua wanashangilia nini, kama raia wa nchi yoyote.

Langoni fundi wa mabango alikuwa juu ya ngazi, brashi hewani. Alikuwa amemaliza D ya pili, ya Dereva, akaiwekea na kivuli cha dhahabu. Mkurugenzi alikuwa chini anashikilia ngazi. Pikapu ilikuwa imezunguka kutoka nyuma, imesimama barabarani ikitetemeka, masufuria yamepanda juu kama minara, na Mpishi ameketi mbele na mkoba wake mapajani, hatazami ukuta.

"Fundi," aliita Bibi. "Hiyo rangi imekauka?"

"Bado mbichi, mama mkubwa. Ni rangi ya mafuta. Ikikauka hii, kuitoa ni mpaka msasa na toba."

"Futa."

"Nifute ipi?"

"Yote."

Fundi alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alimtazama mama yake. "Mama! Mama, tafadhali. Hata G?"

"Anza na hiyo G."

Fundi alichovya tambara kwenye mafuta ya taa, akasita, akalipitisha. G ikalegea, ikatiririka, ikawa mchirizi wa buluu ukishuka ukutani, na Mkurugenzi akageuza uso kama mtu aliyeona mzazi wake anapigwa. T ya Mama Pacha ilifuata, naye akatimiza ahadi: hakupepesa. Ilipofika zamu ya D ya kwanza, Mkurugenzi alishika mguu wa fundi.

"Mama, D ikiondoka watu watajuaje mimi ni nani?"

"Wakikuhitaji watauliza. Mwachie fundi mguu wake."

"Na mimi je?" alilia Dereva kutoka nyuma, pekupeku. "Nina familia, mama mkubwa!"

"Tutaifikia familia yako. Futa, fundi, na hicho kivuli cha dhahabu kifute. Hapa si dukani kwa sonara."

Ukuta ukabaki mtupu, umechafuka michirizi, kama uwanja baada ya vita. Bibi akainua fimbo. Na kwa sauti iliyowahi kufundisha mtaa ule mzima kusoma, akatamka neno moja moja, na fundi akaandika, na alipokosea alirudishwa:

"The cook, her mother and the whole family welcome all children."

Mpishi, mama yake na familia nzima wanawakaribisha watoto wote. Herufi kubwa ilikuwa moja tu, T ya mwanzo wa sentensi, ambayo haikuwa ya mtu yeyote.

Mlango wa pikapu ukafunguka. Mpishi akashuka, akavuka barabara, akasimama mbele ya ukuta mkoba kwapani. Alisoma polepole. Akasoma tena. Hata pikapu ilizimika.

"Bado mmeniandika kwa ndogo," alisema.

"Ndiyo," alisema Bibi. "Ndiyo sheria. Na mimi nimejiandika ndogo kuliko wewe. Hapo mimi si mwanzilishi, si hata Grandmother. Hapo mimi ni mama yako, basi."

Mpishi aliuhamishia mkoba kwapa la pili.

"Yule bwana nimeambiwa leo," Bibi akaendelea. "Nilikuwa namngoja aje akuchukue. Mjinga ni mimi. Kwa hiyo sasa nakuuliza mbele ya watu na rangi ikiwa mbichi: wewe ukipanda gari hilo uende, mimi hapo ukutani nitasomeka mama wa nani?"

Mpishi alitazama ukuta, akatazama viatu vyeusi vya mama yake, vya kamba. Alijipangusa uso kwa ncha ya aproni, aproni ambayo, ajabu, alikuwa amesahau kuivua. Kisha akamgeukia kijana wa pikapu kwa hasira ambayo haikumhusu kijana hata kidogo.

"Na wewe unashangaa nini? Shusha masufuria! Taratibu! Lile kubwa ukilikwaruza nitakupika wewe ndani yake!"

"Hosteli watasema nini?" kijana aliuliza.

"Waambie wajipikie. Si wauguzi hao? Wajitibu."

Dereva, aliyekuwa anaunganisha maneno ya ukutani kwa kidole, alisogea kwa Mama Pacha. "Mwalimu, mbona sijioni?"

"Upo kwenye familia nzima."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kula mara mbili."

Dereva alitafakari, akaona hakuna mahakama itakayompa zaidi ya hapo. "Basi nitamwambia mke wangu nimepandishwa," alisema, akaenda kushika sufuria upande mmoja.

Naye Mkurugenzi? Alisimama peke yake chini ya ngazi, mtu asiye na D, funguo kimya. Mama Pacha alidhani atakwenda kujifungia stoo. Lakini sufuria kubwa kuliko yote, lile la kupikia shule nzima, lilikuwa limebaki kwenye pikapu na hapakuwa na mkono wa kulishusha. Mkurugenzi alilisogelea, akakunja mikono ya shati, akalipindua, akajitwika kichwani likamfunika mpaka kwenye nyusi.

"Dada," sauti yake ilitoka ndani ya bati kama ya mtu kisimani, "njia ni ipi? Sioni."

"Kushoto," alisema Mpishi, akamshika kiwiko. "Kushoto, kaka. Hapo kuna ngazi. Inua mguu."

Hivyo ndivyo walivyoingia: mbele Bibi na fimbo yake, nyuma yake Mkurugenzi amejitwika taji jeusi la masizi, akiongozwa na dadake kama bwana harusi kipofu, kisha Dereva na mifuniko akiigonganisha kama matoazi, na mwisho Mama Pacha, mshindi wa siku, mshika chaki, mwangusha herufi, na tone la rangi ya buluu kwenye kilemba. Hapakuwa na tarumbeta. Palikuwa na watoto madirishani wakipiga makofi, na fundi juu ya ngazi akiuliza nani atamlipia rangi iliyofutwa, na hakujibiwa na mtu.

Basi na watangaziwe walio karibu na walio mbali, wazazi wa kwenye simu na wajukuu ambao hawajazaliwa, kwamba siku ile, kabla ya mapumziko ya chai, nyumba nzima ilishuka daraja kwa pamoja. Na katika kuanguka huko hakuna aliyevunjika mguu wala mkono, kwa sababu wote waliangukia jikoni, na viazi vilikuwa tayari vimemenywa.